Kuhesabu Maneno ya Kocha

Kozi nyingi za ukocha zikifika kwenye mada ya mawasiliano hugeuka mahubiri: mheshimu mchezaji, msikilize, usimfokee. Hakuna anayebisha, na kocha hurudi uwanjani akafoka vilevile. Miaka ya 1970, Ronald Smith na Frank Smoll, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, walianzia kwingine. Kabla ya kumfundisha yeyote, waliweka watazamaji pembeni mwa viwanja vya besiboli ya watoto, kila mmoja akiwa na orodha ya aina 12 za matendo ya kocha. Katika mechi 202 yaliandikwa matendo 57,213 ya makocha 51, kisha watoto 542 wakahojiwa majumbani kwao. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ya ukarani ndiyo iliyobeba yote yaliyofuata, maana ilifichua kwamba kocha hajijui. Maelezo yake kuhusu mwenendo wake yaliafikiana kidogo sana na yaliyoandikwa uwanjani, isipokuwa kwenye adhabu. Watoto ndio waliomsoma vizuri zaidi.

Orodha yenyewe ilikuwa na ujanja wake. Mtoto ameangusha mpira mwepesi. Kocha anaweza kunyamaza, anaweza kusema “usijali, utadaka unaofuata”, anaweza kuelekeza, “kunja magoti, mikono mbele.” Lakini akisema “nimekwambia mara ngapi ukunje magoti, we!”, ametoa maelekezo yaleyale, na orodha inayaweka kwenye fungu jingine: maelekezo yaliyochanganywa na karipio. Kocha mwenyewe angeapa kwamba alikuwa anafundisha tu. Matendo ya kuadhibu yalikuwa machache mno katika hesabu nzima, ila yaligusa hisia za watoto kwa kocha wao kuliko uchache huo ungemfanya mtu atarajie.

Ndipo ikaja semina. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1979, makocha 18 walipewa mafunzo ya takribani saa mbili, na wengine 13 hawakupewa. Saa mbili! Walifundishwa kanuni chache na kuonyeshwa kwa maigizo jinsi ya kuzitumia. Kisha, mwanzoni mwa msimu, walipelekewa hesabu za matendo yao, na baada ya mechi walijaza fomu fupi ya kujipima. Msimu ulipokwisha, watoto wao waliwapenda zaidi na kufurahia timu zaidi, na waliokuwa wakijidharau ndio walionufaika sana. Utafiti wa baadaye, wa mwaka 1992, ulitoa takwimu ngumu kupuuza: kwa makocha wasiofunzwa, asilimia 26 ya watoto hawakurudi msimu uliofuata, kwa waliofunzwa, asilimia 5.

Mtu atauliza kama walishinda zaidi. Hapana, rekodi za ushindi hazikutofautiana. Wapo wanaoliona hilo kuwa kushindwa kwa mpango mzima, lakini klabu inayopoteza robo ya watoto wake kila mwaka ina tatizo ambalo jedwali la pointi halilionyeshi. Pingamizi zito zaidi ni la kimbinu: kanuni, maigizo, hesabu na fomu vilitolewa kwa pamoja, na jaribio haliwezi kuvitenganisha. Kweli. Hata hivyo, kwamba sifa humjenga mtoto ni jambo ambalo makocha wale hawakuhitaji kuambiwa na chuo kikuu. Kipya kwao kilikuwa kuona tarakimu zao.

Lipo pia pingamizi linalotokana na mfano wa kocha John Wooden. Katika msimu wa 1974/75, watafiti Roland Tharp na Ronald Gallimore walihesabu matendo yake mazoezini pale UCLA, msimu uliomletea ubingwa wa 10 wa vyuo vikuu vya Marekani katika mpira wa kikapu. Sifa hazikufika asilimia 7. Nusu ya matendo ilikuwa maelekezo matupu, na karipio lake aliliunganisha papo hapo na maelekezo mapya, jambo ambalo orodha ya Seattle ingelitia kwenye fungu baya. Lakini Wooden alikuwa na vijana wakubwa, waliochaguliwa, walioijua thamani ya nafasi yao. Anayetaka kuiga uwiano wake kwa watoto wa miaka 10 amweke kwanza mtu pembeni wa kuhesabu, kisha aangalie ni wangapi wanaorudi msimu ujao.