Fundi Bomba na Elimu ya Mteremko

Neno bomba liliingia katika Kiswahili kutoka Kireno, ambako lilimaanisha mtambo wa kuvuta maji, na likiisha kutia nanga katika mwambao wa Afrika Mashariki likapanuka hadi kutaja mrija wowote upitishao maji, kisha katika kinywa cha vijana wa mjini likawa hata sifa ya kitu kizuri. Sifa hiyo, kwa bahati mbaya, haijamfikia fundi bomba mwenyewe. Seremala huonyesha mlango, fundi cherehani huonyesha gauni, na mwashi huonyesha ukuta, lakini kazi ya fundi bomba, hasa ile nusu yake inayoshughulika na maji yanayotoka nyumbani, hufukiwa siku inapokamilika, na ikiwa imefanywa vyema hakuna atakayeikumbuka tena. Nusu hiyo iliyofukiwa ndiyo inayosifiwa hapa, kama inavyofanywa katika pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju, Boko na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Na kwa kuwa huko fundi hutenda kazi ambayo katika miji mingine hutendwa na mamlaka za umma, haiwezekani kuusifu ufundi huo bila kuigusa sera.

Tofauti kati ya majisafi na majitaka, kwa jicho la fundi, ni tofauti ya nguvu. Maji yanayoingia husukumwa, ama na pampu ama na kimo cha tangi lililowekwa juu ya mnara, kwa hiyo yanaweza kupanda, kukata kona na kumsamehe fundi makosa mengi. Maji yanayotoka hayana msukumo wowote isipokuwa uzito wake yenyewe, nayo hubeba vitu ambavyo maji peke yake yasingevibeba, kwa hiyo hutegemea mteremko, ambao mafundi wengi huuita slopu. Kanuni ya zamani ya kazi hii inasema kwamba bomba la inchi 4 lishuke sehemu 1 kwa kila sehemu 40 za urefu, yaani sentimita 25 katika mita 10, ilhali bomba la inchi 6 linaruhusiwa kulala zaidi, sehemu 1 kwa 60. Likilazwa mno, maji hupita polepole na kuacha taka nyuma. Likisimamishwa mno, mafundi wengi hushikilia kwamba maji hukimbia yakaziacha taka zile zile. Sentimita 25 katika mita 10 ni kitu ambacho jicho haliwezi kukiona katika ua wenye mchanga, matofali yaliyopangwa na kuku wanaopita, na ndiyo sababu fundi hukivutia uzi, hukilazia pimamaji, au hutumia mpira mwembamba unaopitisha nuru, uliojazwa maji, ambao ncha zake mbili zikiinuliwa popote katika kiwanja huonyesha usawa mmoja. Yapo maarifa ya kupendeza katika kifaa hiki cha mwisho: kabla ya kuyaelekeza maji njia, fundi huyauliza maji yenyewe usawa uko wapi.

Baada ya mteremko huja kituo. Chini ya sinki, chini ya beseni na ndani ya shingo ya choo cha kuvuta kuna sehemu ya bomba iliyopindwa ili maji kidogo yabaki humo daima, na mafundi huiita trapu, jina linalostahili kwa kuwa ni mtego kweli, unaokamata harufu na wadudu wa bombani wasiingie chumbani huku ukiyaacha maji yapite. Hati miliki ya choo chenye shingo ya namna hiyo ilitolewa Uingereza mwaka 1775 kwa Alexander Cumming, ambaye alikuwa mtengeneza saa, na huenda alihitajika mtu aliyezoea vitu vidogo vinavyopaswa kutulia mahali pake ili kugundua kwamba sentimita chache za maji yaliyosimama zinaweza kuulinda mlango mzima. Mtego huu una maadui wawili. Wa kwanza ni ukavu: nyumba ikifungwa miezi kadhaa, maji ya trapu hukauka, harufu ikapanda, na mwenye nyumba aliyerejea kutoka safari akaamini kwamba bomba limepasuka, kumbe dawa yake ni kikombe cha maji. Wa pili ni mvuto: choo kikivutwa kwa nguvu katika mfumo usio na bomba la hewa, yaani lile bomba linalopanda ukutani hadi juu ya paa, hewa inayofuata maji hunyonya na kile kidogo kilichokuwa mtegoni. Wapo wajenzi wanaoliona bomba la hewa kuwa anasa na kulifuta ili kuokoa fedha, nao ndio wanaowapa mafundi kazi miaka miwili baadaye.

Ufundi hudhihirika zaidi, hata hivyo, pale kitu kinapoharibika, kwa kuwa hapo fundi hulazimika kusoma kile asichokiona. Kati ya nyumba na mahali majitaka yanapoishia huwekwa chemba, visanduku vya matofali vyenye vifuniko vya zege, kila mahali bomba linapokata kona au kupokea bomba jingine. Bomba linapoziba, fundi asiye mzoefu huanza kuchimba. Mzoefu hufunua vifuniko. Chemba iliyo juu ya kizuizi hujaa na iliyo chini yake hukauka, kwa hiyo kizuizi kimejificha katika kipande kilicho kati ya ile iliyojaa na ile kavu, na huko ndiko fimbo za kuzibulia au waya utakakosukumwa. Zikiwa zote zimejaa hadi ya mwisho, bomba limesingiziwa, na shutuma ihamie kwenye karo. Isipojulikana beseni lipi linamwaga wapi, jambo la kawaida katika nyumba iliyoongezwa vyumba mara tatu na mafundi watatu tofauti, bluu kidogo ya kufulia ikimwagwa ndani ya beseni itajitokeza katika chemba yake na kumaliza ubishi. Vinavyotoka humo ni historia fupi ya nyumba: mafuta ya kupikia yaliyoganda, mchanga wa kusugulia masufuria, vitambaa, taulo za kike, kijiko kilichotafutwa tangu Idi iliyopita, na mizizi ya mti uliopandwa kwa ajili ya kivuli, ambayo hupenyeza uzi mwembamba katika kiungo kisichotiwa gundi vizuri na baada ya masika mbili ukawa msokoto mnene kama mkia wa farasi.

Karo nalo linahitaji kuelezwa, kwa sababu watu wengi huliona kuwa shimo tu la kuhifadhia, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo yake. Karo lililojengwa sawasawa ni tangi lisilovuja, kwa kawaida lenye vyumba viwili, ambamo majitaka hutulizwa hadi vitu vizito vikazama kuwa tope, mafuta yakaelea juu kama utando, na vijidudu visivyohitaji hewa vikaanza kulila tope hilo polepole. Mfaransa Jean-Louis Mouras ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kulijenga tangi la namna hiyo, katika karne ya 19. Maji ya katikati, ambayo si safi lakini yamepungukiwa na mzigo, hutoka kwenda shimo la kunyonya, ambalo kuta zake zimeachwa na matundu ili ardhi iyapokee. Kwa maneno mengine, karo hufanya nusu ya kazi na ardhi humalizia, na fundi anayejenga bila kuiuliza ardhi amejenga nusu ya kitu. Mchanga wa Mbagala hunywa upesi. Mfinyanzi hunywa kwa shida. Na katika mabonde, kama baadhi ya sehemu za Boko na Bunju, maji ya ardhini hupanda wakati wa masika hadi shimo la kunyonya likageuka kuwa kisima. Gari la kunyonya huja, hulipwa, huondoka, na siku ya pili karo limejaa tena ingawa nyumbani hakuna aliyeoga. Pwani hii ina uzoefu wa kale wa kuishi na ardhi yake: magofu ya Songo Mnara huko Kilwa na ya Gedi karibu na Malindi yana vyoo vya mashimo vilivyojengwa ndani ya nyumba za mawe, karne nyingi kabla ya Dar es Salaam kuwa na jina.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kati yao 1,346,674 wakiwa Temeke na 982,328 Kinondoni, na kwa miaka mingi imekadiriwa kwamba kaya zilizounganishwa na mtandao wa umma wa majitaka ni kama moja katika kila kumi, nyingi zikiwa katikati ya jiji na katika maeneo machache yanayopeleka majitaka kwenye mabwawa ya kuyatibu, kama yale ya Vingunguti na Kurasini. Tisa zilizobaki zimehudumiwa na nani? Zimehudumiwa na fundi. Hata pale serikali ilipopanga vizuri, ilipanga mpaka kwenye mpaka wa kiwanja: Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002 na kupima maeneo kama Mbweni na Bunju kwa upande mmoja na Toangoma kwa upande wa pili, uliwapa wananchi ramani, barabara na hati, jambo la kushukuriwa, lakini kila nyumba ikaachiwa ijichimbie karo lake. Hivyo sera ya majitaka ya pembezoni imeandikwa kiwanja kwa kiwanja, kwa koleo, na watu ambao hawakuwahi kuitwa katika mkutano wa sera.

Sheria zenyewe zipo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 imeweka majukumu ya mamlaka za maji, na jijini mamlaka hiyo ni DAWASA, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na DAWASCO, lililokuwa shirika la uendeshaji. Lakini tangu zamani mtandao wa mabomba umehesabiwa kuwa mali ya mamlaka ya maji, ilhali choo cha nyumbani kimehesabiwa kuwa jambo la afya, la bwana afya na halmashauri ya manispaa, na karo limekaa katikati ya viti viwili. Mijadala mikali ya hadharani nayo imependelea upande mmoja wa bomba. Mkataba wa City Water, kampuni iliyokuwa ikiendesha huduma ya maji jijini, ulipovunjwa mwaka 2005, kilichozungumzwa sana mitaani kilikuwa maji yasiyoingia, na ni wachache waliouliza kuhusu yanayotoka.

Wasioweza kulipia gari la kunyonya, au wanaokaa katika vichochoro ambamo gari haliingii, kama sehemu za Tandale na Keko, wamekuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuwaita vyura, jina wanaloitwa wanaume wanaoingia shimoni kwa ndoo na koleo kulitoa tope, kazi ya hatari inayofanywa usiku na kusemwa kwa minong'ono mchana. Njia ya pili ni kutapisha choo, yaani kutoboa ukuta wa shimo mvua kubwa inaponyesha ili yaliyomo yachukuliwe na mafuriko, na neno hilo, kutapisha, halihitaji ufafanuzi kwa aliyewahi kuishi bondeni masika ya Machi hadi Mei. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015, ulioanzia Kinondoni kabla ya kusambaa nchini, ulionyesha kwamba kila mteremko una mtu anayeishi mwisho wake. Katika miaka ya 2000 pampu ya mkono iitwayo Gulper, iliyobuniwa na Steven Sugden wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, ilijaribiwa jijini ili vyura wapate kulivuta tope wakiwa wamesimama nje ya shimo, na ubora wake ulikuwa katika kuuheshimu uchochoro kama ulivyo.

Heshima ya namna hiyo iliwahi kuzaa jambo kubwa zaidi huko Karachi, Pakistan, ambako mradi wa Orangi, ulioanzishwa mwaka 1980 na Akhtar Hameed Khan, uliwawezesha wakazi wa kila uchochoro kuchanga fedha na kujilazia bomba lao la majitaka, lenye kina kifupi na chemba ndogo. Mfumo wa aina hiyo, wa mabomba membamba yanayopita karibu na nyumba kuliko barabarani, umejaribiwa pia Vingunguti, karibu na mabwawa yenyewe. Kwa macho ya mhandisi wa mitandao mikubwa ni kitu kidogo, lakini fundi bomba wa Mbagala angeutambua mara moja, kwa kuwa ndio ule ule ufundi wake, uzi na pimamaji, ukiruhusiwa hatimaye kuvuka ukuta wa kiwanja kimoja. Anachokosa ni ruhusa na karatasi. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo Chang'ombe, ndani ya Temeke, na utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya shule umewapa vyeti mafundi waliojifunza kwa kumbebea mkubwa wao spana; hata hivyo cheti bado humwezesha zaidi kupata kazi kuliko kusikilizwa.

Na yapo mambo ambayo hakuna mwingine wa kuulizwa. Nyumba nyingi za pembezoni hazina mchoro wa majitaka. Zilijengwa kwa awamu, fedha ilipopatikana, na mahali karo lilipo pamehifadhiwa katika kumbukumbu ya fundi aliyelijenga, naye amehama, amezeeka au amefariki. Mwenye nyumba wa pili ametandaza pevingi juu ya ua wote ili papendeze. Siku choo kinaporudisha maji, fundi mpya hushika mtaimbo, huanzia pale bomba linapotoka ukutani, hukadiria njia ambayo mwenzake asiyemjua angeifuata kwa kufuata mteremko wa kiwanja, kisha hugonga vitofali kimoja baada ya kingine, huku wenye nyumba wakiwa wamenyamaza na redio imezimwa, mpaka sauti inapobadilika.