Visahani Vitano

Watu wa rika langu tunazijua baa za aina mbili: ile ya viti vya plastiki na redio inayopiga kelele, na ile ya hoteli, ambamo watu hunong'ona kana kwamba wako msibani. Sikujua kwamba Dodoma kuna ya tatu, mpaka Machi iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani wa chuo cha ualimu, aliyeacha chaki akalima zabibu, aliponishika mkono akanipeleka. Ni chumba kimoja cha meza sita, uani kwa mtu, hakuna redio. Jina lake silitaji kwa kuwa ninayo ya kulalamikia.

Wanauza divai kwa glasi na chakula kwa visahani. (Nasema divai kwa kusudi. Tulipokuwa vijana divai ilikuwa ya altareni, na mvinyo ulikuwa kinywaji kikali chochote. Siku hizi neno la pili limelimeza la kwanza.) Kisahani cha kwanza kilipokuja na mishikaki miwili mifupi, nilijiuliza kama tumeonewa. Kwetu mgeni hulishwa mpaka ashindwe. Lakini hapa hakuna mwenye sahani yake. Kisahani huwekwa katikati, na ukishachukua mshikaki mmoja, unajua wazi uliobaki ni wa nani. Basi mnakula polepole, na katikati ya kula mnaongea. Tulikaa saa mbili na nusu, tukafikia mambo ambayo mbele ya sinia la pilau tusingeyafikia kamwe.

Mishikaki ilinukia mkaa na ndimu. Divai nyekundu ya Makutupora, zabibu yenye jina la kijiji kilicho kaskazini mwa mji, ilikubaliana nayo vizuri: inakausha ulimi kidogo na kukata mafuta. Kosa ni kwamba ililetwa vuguvugu. Wenye vitabu wanaposema divai nyekundu inywewe katika joto la chumba, wanasema chumba cha Ulaya.

Karanga na jibini nazipita. Kisahani cha nne kiliniudhi: matonge matatu ya ugali wa mtama, kila moja limechomwa kijiti, na mlenda pembeni. Ugali kwa kijiti! Niliomba maji ya kunawa. Yule binti, mwenye adabu zake zote, akaniletea glasi ya maji ya kunywa. Mlenda wenyewe ulipikwa na mtu anayeujua.

Lakini lililoniuma zaidi ni orodha ya vinywaji. Afrika Kusini ina ukurasa mzima, Italia nusu, na Dodoma mstari mmoja chini kabisa, ambao hatukutajiwa mpaka tulipouliza. Hii ni nchi ambayo mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka! Mwenzangu aliusoma mstari ule kwa muda mrefu. Msimu uliotangulia alikosa mnunuzi kwa wakati, akamwaga karibu nusu ya mavuno.

"Mwalimu," aliniambia, "mahindi utayaweka ghalani. Zabibu ukishaichuma haikusubiri."

Miaka kumi na mmoja analima, na hajawahi kukaa mezani akaletewa divai ya huku katika glasi safi, na mtu akamwuliza kama ameipenda. Nyumba ile ingeweza kufanya hivyo kila jioni. Badala yake imefanana na maktaba inayofungia vitabu vya Kiswahili kabatini na kuweka ufunguo mfukoni mwa karani.

Nitarudi hata hivyo, kwa ajili ya mishikaki na utulivu ule. Kisahani cha mwisho kilikuwa cha zabibu mbichi, nane, nyeusi, zimeoshwa. Binti alisema zimetoka shambani asubuhi ile. Mwenzangu akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akaitafuna taratibu pamoja na kokwa zake.

"Wameiwahi," akasema. "Ilihitaji wiki moja zaidi."