Kitisho, Zimwi na Risasi: Riwaya ya The Terror Mbele ya Mfasiri

Tarehe 19 Mei, 1845, meli mbili za Serikali ya Uingereza, Erebus na Terror, ziling'oa nanga chini ya uongozi wa Sir John Franklin kwenda kutafuta njia ya bahari ipitayo kaskazini ya Kanada hadi Pasifiki. Watu 129 waliosalia melini baada ya kutua Greenland hawakurudi hata mmoja. Meli zilinaswa na barafu karibu na Kisiwa cha King William mwezi Septemba 1846. Franklin akafa Juni 1847. Na mwezi Aprili 1848 watu 105 waliobaki, wakiongozwa na Kapteni Francis Crozier, walizihama wakashika njia ya kusini. Hayo twayajua kwa karatasi moja iliyookotwa mwaka 1859. Mengi ya yaliyofuata hayakuandikwa na mtu, na katika pengo hilo ndimo Dan Simmons, mwandishi wa Marekani, alimoijenga riwaya yake The Terror, iliyotolewa mwaka 2007.

Ni riwaya ya kihistoria, na papo hapo ni riwaya ya kutisha. Juu ya njaa, baridi na maradhi ambayo kweli yaliwamaliza mabaharia hao, mwandishi ameongeza kiumbe kisichojulikana kinachowawinda mmoja mmoja gizani. Hatukusudii kukisimulia kisa chote. Tunalotaka kuliangalia ni matatizo ya maneno yatakayomkabili mfasiri wa Kiswahili, kwa kuwa matatizo hayo ndiyo yanayofichua mahali kitabu kina nguvu na mahali kinapolegea.

Tuanze na jina. Terror ni jina la meli, tena ni neno la kawaida la Kiingereza ambalo Kiswahili hulitenga mara mbili. Hofu hukaa moyoni mwa mwenye kuogopa. Kitisho hukaa katika kile kinachoogopesha. Twaona kitisho ndicho kifaacho. Meli ile iliundwa mwaka 1813 ili kurusha makombora, na iliitwa hivyo ili adui atetemeke. Katika riwaya waliokuja na kitisho ndio wanaotishwa. Jina la meli lenyewe libaki kama lilivyo, mradi msomaji aelezwe maana yake mapema.

Tatizo kubwa zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Kiingereza kina neno moja dogo la kumtajia mnyama, jiwe na dhoruba, na mwandishi amejificha nyuma ya neno hilo kwa mamia ya kurasa: mabaharia husema tu kuna kitu barafuni. Kiswahili hakimruhusu mtu kujificha hivyo. Tukisema "amemnyakua", tumekwisha kukubali kwamba ni mwenye uhai. Tukisema "kimemnyakua", tumekikatalia uhai, au angalau tumekataa kuukiri. "Limemnyakua" linaleta ukubwa na chuki, kama tusemavyo dude. Mfasiri mvivu ataandika zimwi, na hapo ataharibu kazi. Zimwi la ngano zetu ni jambo la nyumbani. Wahenga wamesema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kile cha barafuni hakiwajui mabaharia, wala wao hawakijui, na ndiyo maana kinawala wakakwisha.

Lakini wako wanaokijua. Wainuiti, wenyeji wa nchi ile, wana jina lake, Tuunbaq, na wana adabu ya kukaa nacho. Jina hilo amelibuni mwandishi, akijenga juu ya itikadi za Wainuiti kuhusu pepo wa waganga wao. Basi shauri letu ni kwamba vinywani mwa mabaharia kitumike "ki-" tangu mwanzo, na katika sura za mwisho, Crozier anapoingia katika maisha ya Wainuiti, kiumbe hicho kigeuke kuwa "a-". Msomaji wetu atapata hapo jambo ambalo msomaji wa Kiingereza hakupewa. Tena itasaidia kuponya kasoro ya kitabu, maana sura hizo zinaeleza asili ya Tuunbaq kwa urefu wa kuchosha, na kitisho kikielezwa sana hupoa.

Kuhusu bahari yenyewe hatuna umaskini. Mkuku, mataruma, sitaha, ngama, foromali, kalafati: maneno haya yote yapo, na mabaharia wa mwambao wameyatumia vizazi na vizazi. Meli ya mbao inayobanwa na barafu hadi mataruma yakalia inaelezeka kwa Kiswahili vizuri kuliko katika lugha nyingi. Upungufu uko upande wa barafu. Tunayo theluji na tunayo barafu, basi. Siwa barafu latosha kwa mlima wa barafu unaoelea. Kwa yale magenge yanayoinuka vipande vinapogongana, twapendekeza matuta ya barafu. Kwa njia nyembamba ya maji inayofunguka kati ya vipande, ufa wa maji.

Upande wa maradhi, kiseyeye ni neno letu la zamani, nalo halihitaji maelezo: fizi hutoka damu na majeraha ya kale hufunguka. Risasi ndiyo yenye mtego. Riwaya inawatia mabaharia sumu ya risasi kutoka katika vyakula vya makopo, dhana iliyopata nguvu baada ya Owen Beattie kufukua makaburi ya Kisiwa cha Beechey mwaka 1984 na 1986, ingawa uchunguzi wa baadaye umeitilia shaka. Sasa, ukiandika kwamba mabaharia "waliuawa na risasi", nani hatadhani walipigwa bunduki? Hapana budi kuandika madini ya risasi, kila mara, hata kama sentensi itakuwa nzito.

Limebaki jina la wenyeji. Mwaka 1854 John Rae alileta habari kutoka kwa Wainuiti kwamba waliokuwa wakifa njaa walikula maiti za wenzao. Charles Dickens aliandika kuupinga ushahidi huo kwa kuwa watoaji wake aliwaona washenzi. Mifupa yenye alama za visu imewathibitisha. Terror yenyewe ilipatikana mwaka 2016, baada ya Mwinuiti mmoja, Sammy Kogvik, kueleza alichokiona. Mabaharia wa riwaya huwaita watu hawa kwa jina la kale la Kizungu, nasi katika maneno yao tuandike Waeskimo, ili dharau isikike. Penginepo pote tuandike Wainuiti. Wapo watakaosema kwamba Inuit tayari ni wingi, hivyo tunaongeza wingi juu ya wingi. Malaika nalo lilikuwa wingi kwa Waarabu.