Wauguzi wa Dharura na Wauguzi wa Majumbani

Muuguzi anayechagua kati ya idara ya dharura na huduma ya majumbani anachagua pia mwendo wa siku zake.

Pale Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010. Majeruhi wa bodaboda akifikishwa, muuguzi humkagua mara moja: anapumua? Damu inavuja wapi? Presha ni ngapi? Baadaye mgonjwa hupelekwa wodini au chumba cha upasuaji, na huenda wasionane tena.

Muuguzi wa majumbani, kwa upande wake, humzoea mgonjwa wake. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, huwafuata wagonjwa wa saratani hadi nyumbani kwao na mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wa maradhi mazito, kuandika dawa hiyo wenyewe. Ni heshima kubwa, na waliistahili: nyumbani kwa mgonjwa hakuna daktari wa kumwita kutoka chumba cha pili. Yuko muuguzi, mkoba wake, na familia inayomtazama.

Kazi zote mbili ni ngumu, ila hii ya pili husifiwa kidogo mno. Vyuo vya uuguzi viwapeleke wanafunzi kote kuwili kabla hawajachagua.