Uigaji wa Vita kama Kipimo cha Ufanisi wa Makao Makuu: Uhakiki kwa Mfano wa Lukaya, 1979

Katika miaka ya 1980, watafiti wa kijeshi nchini Marekani waliunda mbinu ya kupima ufanisi wa makao makuu kwa kutumia michezo ya vita. Hoja yao ya msingi ni kwamba makao makuu hayapimwi kwa ushindi, kwa kuwa ushindi hutegemea pia silaha, ardhi na bahati. Hupimwa kwa uhai wa mpango: mpango uliodumu muda uliokusudiwa, pasipo kubadilishwa nje ya tahadhari zilizowekwa awali, ni dalili ya makao makuu bora.

Kigezo hiki kina nguvu, kwani kinatenganisha uamuzi na bahati. Udhaifu wake unadhihirika Lukaya. Tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ya JWTZ, chini ya Brigedia Imran Kombe, ilishambuliwa na majeshi ya Uganda na Libya. Roketi za Katyusha zilipita juu ya vichwa vya askari, ambao wengi wao walikuwa wanamgambo, lakini hofu ilitosha kuwatawanya. Makamanda wakabadilisha mpango. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa kaskazini-magharibi, iliamriwa kugeuka na kukata barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 ilishambulia kutoka nyuma, huku ile ya 201 ikijipanga upya mbele. Mwezi mmoja baadaye, Kampala ilitekwa.

Kwa kigezo cha uhai wa mpango, usiku ule ni alama ya kushindwa. Hata hivyo, wepesi wa kuuacha mpango ndio uliookoa mapigano. Isitoshe, alama ya brigedi kwenye ramani haikimbii kishindo. Mwamuzi wa mchezo akiiamuru ikimbie, kinachopimwa ni hofu aliyoikisia yeye.

Mchimbaji wa Nyarugusu huosha sampuli kwenye karai kabla ya kuendelea na duara. Karai husema kweli kuhusu mchanga uliotiwa humo, wala si kuhusu mwamba wote. Uigaji nao ni hivyo.

Kwa msingi huo, kigezo hakistahili kutupwa bali kukamilishwa. Pamoja na uhai wa mpango, upimwe muda unaopita tangu mpango kuvunjika hadi amri mpya kuvifikia vikosi. Bila kipimo hicho cha pili, mazoezi ya pamoja kama Ushirikiano Imara ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanaweza kutuza ukaidi yakidhani yanatuza weledi.