"Ati" na Mzigo wa Maneno

Neno "ati", ambalo katika Kiswahili sanifu huandikwa zaidi "eti", huelezwa mara nyingi kuwa ni kielezi cha kejeli. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanataja tokeo na kuacha chanzo. Mazungumzo ya kila siku ya Kipevu, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, ambako kazi za bandari huwakutanisha wenyeji na wasemaji wa lugha nyingine nyingi za Kenya, yanadai uchambuzi ulio makini zaidi.

Chukua tungo mbili za Kimvita: "Ati yuwaja leo" na "Yuwaja leo ati." Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni mahali pa "ati". Katika tungo ya kwanza, mnenaji hupitisha habari aliyoisikia bila kuidhamini. Katika ya pili huidhamini kwa nguvu, na humtaka msikilizaji aizingatie. Neno liitwalo la kejeli, basi, laweza pia kuthibitisha.

Hata likitangulia, kejeli si lazima iwepo. "Ati meli imeingia?" ni swali la mtu anayetaka uhakika, halina dhihaka. Lakini "Ati mimi ndimi mwizi!" hukana shutuma, na "huyo ati fundi" humvua mtu ufundi wake. Kinachounganisha matumizi haya ni kwamba mzigo wa maneno umetuliwa kwa mwingine. Kejeli huzaliwa pale tu kiimbo na muktadha vinapodokeza kwamba mwingine huyo hastahili kuaminiwa.

Suala hili si la darasani tu. Mfanyakazi akisema, "Ati niliiacha zamu," anakana. Karani akiandika, "Niliiacha zamu," amemkirisha kosa. Herufi tatu zimeachwa, na maana imegeuka kinyume.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uteuzi huo hauwazuii watunga kamusi kuusikiliza ushahidi wa Kimvita. Kidahizo "eti" hakitoshelezwi na kisawe kimoja. Kinahitaji mifano inayoonyesha mahali pa neno katika sentensi, na zaidi ya hapo, ni nani anayebeba dhamana ya kauli.