Vitabu Vinne Katika Mwezi Mmoja, Masasi

Yapo mazoea katika shule zetu ya kuvigawa vitabu mafungu mawili: hadithi, ambazo husomwa katika kipindi cha Kiswahili, na habari za kweli, ambazo huachiwa mwalimu wa Historia. Katika makala haya tunakusudia kuyapinga mazoea hayo kwa kueleza vitabu vinne tulivyovisoma hapa Masasi katika mwezi mmoja wa masika, tukiwa tumevichanganya kwa makusudi.

Cha kwanza kilikuwa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Kinasimulia watu waliotekwa bara, wakauzwa, kisha wakakombolewa na Waingereza baharini na kukalishwa Freretown, Mombasa. Msomaji wa Masasi hawezi kukisoma kama habari za ugenini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza huku kundi la watu waliokombolewa, nia ikiwa kuwarejesha upande wa Nyasa. Wakaishia hapa, chini ya majabali haya, wakajenga. Basi tulipokuwa tukisoma, tulikuwa tukiwatafuta watu wetu humo.

Wapo wahakiki wanaokibeza kitabu hiki kwa kuwa mwandishi humsifu mno Mwingereza. Lawama hiyo ni ya haki. Mbotela anaueleza kwa urefu ukatili wa wafanyabiashara ya utumwa, lakini hamwulizi mkombozi alikuwa akitaka nini baadaye. Hata hivyo hatukubali kitupwe. Mwandishi ni mzawa wa jamii hiyo ya waliokombolewa, na mateso ya njiani anayoyasimulia yana uzito ambao sifa zile haziwezi kuufuta. Tunachokataa ni kukisoma kana kwamba neno "kweli" limeandikwa juu ya jalada na mjadala umekwisha.

Kinyume chake ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Kinjikitile wa historia, mtu wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza siku chache tu. Yule wa jukwaani anaishi mpaka aone watu wake wameshindwa, na adui anamtaka akiri kuwa maji yalikuwa uongo, anakataa. Mwanafunzi mwenye haraka atasema mwandishi amekosea tarehe. La, hakukosea, amemrefushia mtu wake maisha ili amfikishe mahali ambapo historia haikumfikisha, yaani mbele ya matokeo ya neno lake mwenyewe. Vita hivyo vilifika kwetu pia, na misheni za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa mwaka huohuo. Orodha ya majengo yaliyoharibiwa haituelezi kwa nini mtu alikubali kuikabili bunduki kwa maji. Hussein anajaribu kutueleza, na kwa maoni yetu anafaulu kuliko vitabu vingi vya Historia tulivyovifundishia.

Maisha Yangu ya Shaaban Robert hatutakaa nayo sana, kwa kuwa inajulikana. Lakini mwalimu aitazame sehemu inayohusu kifo cha mkewe, Amina, ambapo nathari inampisha shairi. Huyo ni mtu anayeandika habari zake za kweli, naye alipofika penye uchungu mkubwa kuliko yote aliomba msaada wa sanaa.

Tulimalizia na Gamba la Nyoka, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1979, inayohusu uundaji wa vijiji vya ujamaa. Wakulima wa huku walihamishwa vilevile, na wengi waliiacha mikorosho yao mbali na makazi mapya. Mavuno ya korosho ya nchi nzima, yaliyokuwa tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, yalishuka vibaya katika miaka iliyofuata. Kuhama kulikuwa sababu mojawapo, ingawa si ya pekee. Takwimu hizo ni za lazima kwa mwanafunzi. Mzaha wa Kezilahabi, wakati mwingine mkali kupita kiasi, unaonyesha jambo jingine: jinsi viongozi na wanavijiji walivyokuwa wakizungumza bila kusikilizana.

Tulimsomea mzee mmoja jirani kurasa kadhaa za riwaya hiyo. Alisikiliza kimya, kisha akauliza mwandishi alikuwa wa kijiji gani cha Newala. Tulipomjibu kuwa ni mtu wa Ukerewe, hakusadiki.